Proklamasyo: siku mutoto anaitwa jina mbele ya wote

Proklamasyo ni sherehe ya kufunga mwaka kwenye masomo ya msingi hapa Kongo. Kwa kawaida inafanyika mwanzo wa mwezi wa saba, kisha tu sikukuu ya uhuru ya 30 Juni. Siku ya mafundisho, 30 Aprili, ni ya walimu zaidi. Proklamasyo ni ya watoto na wazazi.

Asubuhi kiwanja kinajaa. Wanafunzi wanaimba, wanacheza, wanasoma mashairi. Kisha direkteri anashika liste, anasoma darasa kwa darasa: jina, nafasi, asilimia. Mwenye kuitwa anakimbia mbele kupokea biletini. Wamama wanapiga vigelegele, wanamumwangia podre kichwani. Asiyesikia jina lake anajua atarudilia darasa. Huyu anahitaji mzazi karibu kuliko mwenye kushangiliwa.

Zamani wengi waliogopa ile siku juu ya deni. Mutoto alifaulu, lakini biletini ilibaki ku biro mpaka minervali ilipwe yote. Katiba ya 2006, artikle 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019.

Ile karatasi si mapambo. Familia ikihama, hata ikikimbia vita, masomo mapya yanaiomba kwanza. Podre itanawiwa jioni. Biletini iwekwe vizuri, mahali mvua haifiki.