Mrizabu wa Al-Abbas na Maji ya Uani Kwetu

Masika yanabisha hodi, na sisi tuliojenga mteremkoni hapa Chake Chake tunalitazama kila wingu kwa jicho la pili.

Mwaka juzi tulijenga ukuta upande wa juu wa kiwanja. Tulitaka sitara ya uani, wala hatukuuliza maji yalikuwa yakipita wapi. Mvua kubwa ya kwanza yaliugonga ukuta, yakazunguka pembeni, yakaingia jikoni kwa jirani yetu wa chini. Unga, mkaa, hata mbuzi ya kukunia nazi vilielea. Hakutugombeza. Aliacha tu kutuitikia salamu, na hilo lilituuma zaidi kuliko matusi.

Ndipo tulipokumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad kuwa Al-Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), alikuwa na mrizabu kwenye paa lake Madina, umetokeza juu ya njia anayopita Sayyidna Umar. Ijumaa moja Umar amekwisha vaa nguo zake, na kwa Al-Abbas wamechinjwa vifaranga viwili. Maji yenye damu yakammwagikia. Akaamuru mrizabu ung'olewe, akarudi kubadili nguo. Baadaye Al-Abbas akamwapia kuwa Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Umar, naye ni khalifa, akamsisitiza apande mgongoni mwake aurudishe ulipokuwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar. Sisi siku ile kilitugusa kwingine: njia ya maji ilikuwa na mwenyewe kabla yetu, na tuliiziba bila kuuliza.

Wazee wetu wa pwani walikuwa makini na jambo hili. Nyumba za Mji Mkongwe kule Unguja zilikuwa na mapaa bapa ya boriti, mawe na chokaa, na mirizabu ikatokezwa nje ili maji yaanguke mbali na ukuta. Mapaa yale yalivuja, wengi wakaja kuyafunika kwa mabati. Kati ya mji na Ng'ambo paliingia mkono wa bahari, na daraja lililouvuka ndilo lililoipa Darajani jina lake. Karne ya 20 mkono ule ulifukiwa, pakawa barabara na viwanja.

Pemba yetu ni ya vilima na mabonde. Tufani ya 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na huku kwetu karafuu ikashamiri. Vilima vikavaa miti, mpunga ukabaki mabondeni. Mvua ilipiga majani kwanza, ikateremka polepole. Leo ubavu wa kilima unakatwa viwanja, mti unang'olewa, kila mmoja anaweka sakafu ya saruji na ukuta wake. Maji ni yaleyale, ila sasa yanakimbia.

Basi tulimwita fundi. Kwanza alitwambia tukae barazani mvua ikinyesha tuyatazame maji yenyewe, ushauri wa bure kuliko wote. Kisha akatoboa matundu chini ya ukuta. Juu yake akachimba mtaro wa kuyakinga maji yasifike uani, akiyapeleka pembeni kwa mteremko mdogo, kama sentimita 1 kwa kila mita, akipima kwa mpira wa maji. Karibu na nyumba ardhi ikainuliwa ili imwage nje, si msingini. Tulitaka kuyaelekeza kwenye shimo la karo. Akakataa katakata: karo likijaa mvua, linalofurika si maji ya mvua tena. Kingo za mtaro tulipanda michaichai, mizizi yake inashika udongo na chai tunapata.

Likabaki swali la mwisho wa mtaro. Hapo hapana fundi wa kukusaidia. Ilibidi tushuke kwa jirani, tukiri kosa, tumwombe radhi, tulipe kilichoharibika, kisha tumwombe njia. Sheha alikuwepo. Jirani alinyamaza muda mrefu, halafu akatuonyesha ukingo wa shamba lake, palipokuwa na korongo la zamani linaloshuka hadi bondeni. Maji, akasema, yalikuwa yakipita hapo tangu enzi za bibi yake.

Sasa mtaro tunausafisha kwa zamu. Wiki hii ni zamu yake, na asubuhi tumemsikia akipiga hodi kutuazima jembe.