Hifadhi ipi kwa safari ya kwanza: Mikumi, Nyerere au Serengeti?

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wameiona Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kupitia dirisha la basi. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa takriban kilometa 50, na abiria anayekwenda Iringa au Mbeya huweza kuona twiga, swala na pundamilia kabla hajafika Mikumi mjini. Pengine ndiyo sababu, siku familia inapoamua kutenga fedha kwa ajili ya safari yake ya kwanza ya kuangalia wanyama, Mikumi huwekwa kando na jina linalotajwa huwa moja tu: Serengeti.

Uamuzi huo si mbaya, lakini mara nyingi hufanywa bila kupigiwa hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilometa 600, na kutoka Arusha hadi Serengeti ni kilometa nyingine zaidi ya 300. Mwenye mapumziko ya siku nne za Pasaka atatumia siku mbili barabarani wakati wa kwenda na mbili wakati wa kurudi. Tena Pasaka huangukia ndani ya masika, wakati nyasi ni ndefu, maji yako kila mahali na wanyama hawana haja ya kukusanyika mahali pamoja.

Ada ya kuingia si kikwazo kikubwa kwa mwananchi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kidogo sana kikilinganishwa na makumi ya dola anazotozwa mgeni kwa siku moja. Kinachomaliza fedha ni gari, mafuta, malazi na siku. Kwa hiyo swali la kwanza si hifadhi ipi ina sifa zaidi, bali una siku ngapi na unasafiri mwezi gani.

Kwa mwenye siku mbili na anayeanzia Dar es Salaam, jibu la mwandishi huyu ni Mikumi. Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1964 ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, na lango lake liko kando ya lami, kilometa zisizozidi 300 kutoka jijini. Tangu mwaka 2024 msafiri anaweza pia kufika Morogoro kwa treni ya umeme kwa muda usiofikia saa mbili, kisha akaendelea kwa gari.

Ubora wa Mikumi kwa mgeni wa porini uko katika uwanda wa Mkata. Ni tambarare ya nyasi iliyo wazi, na jicho lisilozoea huweza kumwona mnyama akiwa mbali bila kusaidiwa. Hapo wapo tembo, nyati, nyumbu, pofu, twiga na simba, na si mbali na lango lipo bwawa la viboko. Katika hifadhi zenye vichaka vizito mgeni hupita karibu kabisa na simba aliyelala asimwone. Katika uwanda wa Mkata kosa hilo ni gumu kulifanya. Anayepata siku ya tatu anaweza kuteremka hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, akapanda kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje.

Mikumi ina upungufu wake. Faru hayupo, na sauti ya malori husikika ukiwa karibu na barabara kuu. Anayeitaka pori tupu atavunjika moyo, hususan akibaki karibu na lango pekee.

Mtu wa aina hiyo aende Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hii ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na kwa kilometa za mraba zaidi ya 30,000 ndiyo kubwa kuliko zote nchini. Kinachoitofautisha ni maji. Mto Rufiji na maziwa yake humwezesha mgeni kuangalia wanyama kwa mashua, viboko na mamba wakiwa hatua chache tu, na tembo wakija kunywa jioni. Aidha, ipo nafasi ya kutembea kwa miguu ukiongozwa na askari mwenye silaha, na ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwa mbwa mwitu, mnyama ambaye ameshatoweka katika sehemu nyingi za Afrika.

Lakini ukubwa huo usikudanganye. Mgeni huona kipande kidogo cha kaskazini tu, na njia ya kutoka Kibiti hadi lango la Mtemere, kupitia Mloka, ni ya kutikisa. Masika kambi kadhaa hufungwa. Siku mbili hazitoshi. Tenga tatu, na usafiri kati ya Juni na Oktoba. Usivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokoza, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o, na kuumwa na mbung'o ni maumivu yasiyosahaulika upesi.

Saadani, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ipo karibu na jiji na ndiyo inayogusana na Bahari ya Hindi. Ni mahali pazuri kwa anayetaka ufukwe na mashua katika Mto Wami. Kwa watoto wanaosubiri kumwona simba kwa mara ya kwanza, hata hivyo, inaweza kuwachosha, kwani wanyama wake ni wachache zaidi na wana woga.

Sasa turudi Serengeti. Aliye na siku sita au zaidi asisite, mradi ajue kuwa hifadhi hii yenye kilometa za mraba 14,763 haionekani yote kwa safari moja. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani. Kati ya Januari na Machi huwa katika nyanda za kusini, kuelekea Ndutu, na Februari ndipo wengi huzaa. Mei na Juni huelekea magharibi, upande wa Mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba wengi huwa kaskazini, ambako huvuka Mto Mara. Anayefika Seronera mwezi Agosti akitarajia kuwaona wakivuka amekosea mahali: mto uko mwendo wa saa nyingi kutoka hapo. Hata hivyo, Seronera haina msimu mbaya kwa simba na chui.

Njia ya kutoka Arusha hupita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, inayosimamiwa na mamlaka yake, hivyo ada zake hulipwa mbali na za Serengeti. Mkazi wa Mwanza ana bahati: lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya kwenda Musoma, naye haihitaji njia hiyo kabisa.

Kreta ya Ngorongoro yenyewe ni ya siku moja. Katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 260 mgeni huweza kuona simba, nyati, tembo na, akiwa na bahati, faru mweusi. Twiga hawamo ndani ya kreta, jambo linalowashangaza wengi. Gari lazima liwe na nguvu ya magurudumu yote manne, na koti ni la lazima, kwani ukingoni ni zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Aliyefika Arusha akiwa na siku mbili tu asiikimbilie Serengeti. Tarangire iko takriban kilometa 120 kwa njia ya lami, na kiangazi makundi makubwa ya tembo hukusanyika kwenye mto wake, katikati ya mibuyu.

Kokote uendako, wachangie watu sita au saba gari moja; ndipo gharama hushuka. Lala karibu na lango au ndani ya hifadhi ili saa 12:00 asubuhi uwe tayari, kwa sababu ifikapo saa 5:00 jua huwa kali na wanyama wengi hulala vivulini. Kodi darubini hata moja kwa gari zima. Beba kitambulisho cha Taifa, kwani bila uthibitisho wa uraia unaweza kutozwa kama mgeni, na lipia mapema kwa namba ya malipo ya Serikali au andaa simu yenye salio, maana langoni hupaswi kutegemea fedha taslimu.