Hisa za kampuni za programu: tusome historia kabla ya kutoa hela

Kila msimu wa kuuza pamba ukiisha hapa Mugeta, huwa naulizwa: hela ya kikundi tuiweke wapi? Safari hii kikundi kimoja kimeniuliza kuhusu hisa za kampuni zenye programu inayomjua kila mteja mtandaoni na kumwonyesha bidhaa inayomfaa. Kabla ya jibu, tuangalie yaliyokwisha kutokea.

Wazo lenyewe si geni. Mwenye duka hapa senta anajua nani hununua chumvi ya ng'ombe, nani hulipa akishauza pamba na nani asikopeshwe. Yote yamo kwenye daftari lake. Programu hizi hufanya hivyo hivyo kwa mamilioni ya watu, kwa kufuatilia walichotazama na walichonunua.

Mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianzisha kampuni ya Net Perceptions kuuza programu ya namna hiyo. Amazon, wakati huo duka la vitabu mtandaoni, ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Aprili 1999 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa dola 14 kila moja. Machi 2000 soko la Nasdaq lilifika kilele, zaidi ya pointi 5,000. Kufikia Oktoba 2002 lilikuwa limeshuka hadi takriban 1,100. Mwaka 2003 bodi ya Net Perceptions ilipendekeza kampuni ivunjwe.

Lakini teknolojia haikufa. Amazon ilijitengenezea mfumo wake tangu 1998, na umeendelea kuiuzia bidhaa. Aliyefaidi ni mwenye duka, si aliyemuuzia daftari.

Kwetu nako historia ni hiyo hiyo. Mwaka 2012 Kenya ilianza M-Shwari, na 2014 Tanzania ikapata M-Pawa. Kiwango cha mkopo hutofautiana mtu na mtu, kulingana na anavyotumia simu, anavyoweka akiba na anavyolipa. Daftari liko kwa wenye wateja: kampuni ya simu na benki. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa wananchi kwa Sh 850 kila moja, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima naye anaweza kuwa na sehemu ya duka. Ila bei ya hisa hupanda na kushuka kama ya pamba.

Ushauri wangu:

1. Uliza wateja ni wa nani. Kampuni inayotegemea mteja mkubwa mmoja au wawili inaweza kuachwa siku yoyote.
2. Usinunue kwa sababu wengine wanagombania. Waliokimbilia kilele cha 2000 ndio walioumia zaidi.
3. Nunua kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Anayekusanya hela kwenye kundi la WhatsApp na kuahidi faida ya kila wiki, mkimbie.
4. Hela ya mbegu, dawa na ada za watoto isiguswe.

Kile kikundi nilikiuliza hela yao ni ya nini. Wakasema ni ya mbegu na dawa za msimu ujao. Basi jibu likawa rahisi: ibaki shambani. Ikipatikana ziada, tutakaa tena tuzungumze hisa.