Jiwe la Tabaka

Kwetu Sironga, upande wa Nyamira, ardhi imejaa majani chai, jiwe laini la kuchonga hatuna. Bakuli jeupe ambalo nyanya alitilia chumvi lilitoka Tabaka, Mugirango Kusini, na lilifika mgongoni mwa mtu. Ndiyo maana historia ya jiwe hilo naihesabu kuwa yetu sote Wagusii.

Kabla ya biashara ya watalii, wazee walichonga bakuli na viko vya tumbaku kwa matumizi ya nyumbani. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905, na tena 1908, majeshi ya Waingereza yakawapiga Wagusii vitani. Utawala ulipanda mlimani, reli haikupanda. Wageni walianza kuulizia mapambo, na baada ya uhuru watalii walipoongezeka, jembe na sururu za Tabaka zikakosa kupumzika, na jiwe likawa twiga, viboko, bao la sataranji, familia iliyokumbatiana.

Kule Wales, nchi nyingine ya machimbo, reli ya Ffestiniog ilifunguliwa 1836 ili kushusha mawe ya kuezekea hadi bandarini. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka yenyewe, farasi wakayarudisha matupu. Reli hiyo ilifungwa 1946, watu wa kujitolea wakaifufua, na mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza machimbo ya huko katika Urithi wa Dunia. Nikisoma hayo moyo hunisokota, kwa kuwa Tabaka farasi ni binadamu. Mchimbaji hushuka shimoni na mtaimbo, hufukua udongo hadi alifikie jiwe, kisha bonge hupandishwa kwa mabega. Masika maji hujaa shimoni na kuta hulegea. Zimewahi kufukia watu.

Jiwe likifika juu, mchongaji hulikata kwa panga, maana ni laini, kisha hulisawazisha kwa kisu. Huliloanisha ili vumbi lisimwingie kifuani. Kinachobaki ni kazi ya akina mama, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Wao husugua kila kipande kwa msasa ndani ya karai la maji, wakianza na msasa mkali na kumalizia na laini, hadi mikunjo ya vidole ijae unga mweupe. Kisha jiwe hukaushwa na kupakwa nta. Mng'ao mnaousifu dukani ni wao walioutoa, lakini jina linalotajwa ni la mchongaji.

Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alichonga ndege wa amani aliyesimamishwa makao makuu ya UNESCO, Paris. Jiwe letu lilifika UNESCO; machimbo yetu, tofauti na yale ya Wales, bado.

Mwaka 2020 watalii walipokatika, vinyago vilibaki vimepangwa kando ya barabara, vikirudiwa na vumbi. Akina mama waliviosha tena.