Eti "Vitanda vya Uvivu"?

Hapa Kenya waru tunaziita Irish. Jina tunalitumia kila siku, lakini stori ya Waayalandi wenyewe wengi wetu hatuijui. Na stori hiyo iko ndani ya kazi moja ambayo ukitumwa nayo shags unaanza kutafuta network: kupandishia waru mchanga.

Kwanza, kwa nini tunapandisha? Waru hazizaliwi kwenye mizizi. Zinatoka kwenye vijitawi vya shina vilivyo chini ya ardhi, na zikipigwa na jua zinageuka kijani, zinakuwa chungu na kujaa sumu ya solanini. Ndiyo maana mmea ukifika kama shubiri moja unavutiwa udongo pande zote, halafu unarudia baada ya wiki mbili tatu.

Sasa twende Ireland, karne ya 18 na 19. Maskini wa magharibi walibaki na ardhi ambayo hakuna mtu aliitaka: milima, mawe, majimaji. Walifanya nini? Walitandaza samadi au mwani juu ya nyasi, wakapanga mbegu, kisha wakapindua udongo na nyasi zake kutoka pande zote mbili kuzifunika. Mimea ikiota, walichimba mtaro kando na kurusha udongo juu ya tuta. Maji yakaenda mtaroni, waru zikakaa pakavu. Yote hayo kwa nguvu ya mikono, na familia zikala.

Waingereza waliokuwa wakiangalia waliyaita matuta hayo "vitanda vya uvivu". Eti kwa sababu ardhi iliyo chini ya tuta haikulimwa!

Halafu 1845 ikaja blaiti. Tuta nzuri hupunguza ugonjwa unaooshwa na mvua kutoka kwa majani hadi kwa viazi, lakini majani yenyewe haliwezi kuyaokoa. Mashamba yakaoza. Katika miaka michache watu kama milioni 1 walikufa na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama, huku meli zikiendelea kubeba nafaka kutoka Ireland kwenda Uingereza. Na bado kuna wakubwa wa London waliosema shida ni uvivu wa Waayalandi.

Maoni yangu ni haya: hilo tusi lilikuwa na kazi yake. Ukishamwita mtu mvivu, hakuna haja tena ya kuuliza nani alichukua ardhi nzuri. Hata huku kwetu wakoloni waliwaita babu zetu wavivu, na huku wanawatoza kodi ya nyumba ili waende kulima mashamba ya wazungu.

Matuta hayo bado yanaonekana kwenye milima ya magharibi mwa Ireland, yamefunikwa na nyasi, mistari kwa mistari, hata mahali ambapo hakuna anayeishi tena. Itafute picha yake uiangalie vizuri, halafu uniambie ni mvivu gani alipanda mlima na jembe kufanya kazi hiyo.