Mizani ya Wasomaji wa Kwanza

Mnamo Desemba 1845 hati ndefu iliyotoka Bombay ilifikishwa London kwa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwandishi wake, John James Waterston, alikuwa Mskoti wa miaka 34 aliyewafundisha vijana wa ubaharia wa Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India. Hakuwa mwanachama, wala jina lake halikujulikana. Alidai kwamba joto la hewa ni mwendo wa chembe zake, na kwamba msukumo wa hewa katika chombo hutokana na chembe hizo kuzigonga kuta pasipo kukoma. Leo kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa hayo. Siku zile hati ilipewa wasomaji wawili waipime, na mmoja wao, Sir John William Lubbock, akaamua kuwa ni upuuzi mtupu, usiofaa hata kusomwa mbele ya chama.

Sisemi kwamba kukataa ni dhuluma. Aliyewekwa kuchagua maandishi ya wenziwe hana budi kukataa mengi. Lakini tazama yaliyofuata. Muhtasari ulisomwa mkutanoni mwaka 1846, na kwa desturi ya chama hati iliyosomwa ilikuwa mali yake, hairudishwi. Waterston hakuwa amebakiza nakala. Kazi yake ikalala kabatini, ilhali sifa ya nadharia ile ikaenda kwa James Clerk Maxwell, aliyeifikia kwa juhudi zake mwenyewe na kuichapisha kuanzia mwaka 1860. Juni 1883 Waterston alitoka nyumbani kwake Edinburgh, asionekane tena.

Mwaka 1891 Lord Rayleigh, aliyekuwa katibu wa chama, aliitafuta hati akaiona, akaichapisha mwaka 1892, akakisia kwamba kuzuiwa kwake kuliichelewesha elimu kwa miaka 10 au 15. Astahili shukrani kwa hilo. Hata hivyo dibaji yake ina neno linaloniudhi kila nilisomapo: anashauri kwamba mwandishi kijana asiyejulikana aanze kwa kazi ndogo zitakazompatia sifa, ndipo athubutu kuruka juu. Huo ndio upendeleo wenyewe, nao umevaa joho la busara. Aliyeyaona madhara yake kwa macho hakuuliza kama mizani ilikuwa mbovu. Alimshauri anayepimwa ajiongeze uzito kwanza. Wahenga wetu waliposema mnyonge hana haki walikuwa wakilalamika. Rayleigh aliifanya kuwa nasaha.

Zaidi ya miaka 40 ikapita. Mwaka 1936 Albert Einstein, ambaye sasa alikuwa Princeton, Marekani, pamoja na Nathan Rosen, walipeleka makala kwa jarida la Physical Review wakidai kwamba mawimbi ya uvutano hayapo. Wakati ule jarida halikupeleka kila makala kwa msomaji wa nje, na hapana ambaye angemlaumu mhariri, John Tate, kwa kumwamini mtu kama huyo. Tate akaipeleka. Msomaji aliandika kurasa 10 akionyesha mahali hoja ilipoteleza, na Tate akazituma kwa Einstein ili ajibu. Einstein alighadhibika. Akaandika mwezi wa Julai kwamba hakutoa ruhusa kazi yake ionyeshwe watu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa, wala hakulipelekea tena jarida lile utafiti mpya.

Msomaji yule alikuwa Howard Percy Robertson, naye pia mtu wa Princeton. Aliporudi huko kutoka California, alimfafanulia kosa lile Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, na makala ikatoka mwaka 1937 katika jarida la Franklin Institute ikiwa na hitimisho jingine. Mawimbi yenyewe yalinaswa na mitambo ya LIGO tarehe 14 Septemba 2015.

Kurasa 10 zaweza kujibiwa, kukanushwa, au, kama ilivyotokea, kumgeuza mtu baada ya hasira kupoa. Neno "upuuzi" halijibiki. Kuhusu jina la Robertson, lilifichwa hadi mwaka 2005, Daniel Kennefick alipolithibitisha kwa kumbukumbu za jarida. Wako waichukiao siri hiyo, nami nawaelewa, kwa kuwa pazia lile lile laweza kumsitiri mvivu na mwenye chuki. Lakini ni wangapi wangethubutu kumsahihisha Einstein kwa jina lao wenyewe, tena wakiwa jirani zake?