Hesabu Katika Utamaduni wa Pwani

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, mashairi, ususi na uchongaji. Ni nadra mtu kutaja hesabu. Mwanafunzi hufundishwa hisabati kana kwamba ni elimu iliyoshuka melini pamoja na chaki na ubao. Basi huiendea kama mgeni aingiavyo nyumba ya watu, akichelea kukosea. Makusudio ya insha hii ni kuonyesha kwamba hofu hiyo haina msingi katika historia, na kwamba mtoto wa Tanga ni mrithi wa elimu hiyo.

Hisabati ilizaliwa na haja za maisha. Katika bara letu, mfupa uliochimbuliwa Ishango, karibu na Ziwa Edward huko Kongo, mwaka 1950, una alama zilizochanjwa kwa mafungu, na umri wake hukisiwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Wataalamu hawajaafikiana juu ya maana ya mafungu hayo, ila wengi huyaona kuwa ni ya kuhesabia. Watu wa Babeli walihesabu kwa mafungu ya sitini, na ndiyo sababu hata leo saa yetu ina dakika 60. Huko Misri, mwandishi aitwaye Ahmose alinakili, yapata mwaka 1550 K.K., kitabu chenye maswali zaidi ya 80: namna ya kugawa mikate, kupima ghala za nafaka na kukadiria ukubwa wa mashamba. Haja hizo ni zile zile za mkulima na mfanyabiashara wa Pwani.

Na tutazame vipimo. Mmisri wa kale alipima urefu kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mswahili naye alikuwa na shubiri, mkono na pima, na pima moja ni mikono minne. Nguo za biashara zilizopelekwa bara na misafara iliyoanzia Pangani zilihesabiwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Kufanana huko hakuthibitishi kwamba mmoja alimwiga mwenziwe, kwa kuwa kila binadamu ana mkono. Kunathibitisha kwamba akili ya binadamu, ikikabiliwa na haja moja, huweza kupata jawabu moja.

Vipimo vya nafaka vinatufundisha zaidi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Kila kipimo ni maradufu ya kile kilichotangulia. Hiyo ndiyo njia aliyoitumia Ahmose katika kuzidisha. Akitaka kuzidisha 12 mara 13, aliandika 12, kisha 24, kisha 48, kisha 96, akizidisha kwa mbili kila hatua. Halafu, kwa kuwa 13 ni 1 na 4 na 8, alijumlisha 12, 48 na 96, akapata 156. Muuza mchele aliyepima vibaba 13 kwa pishi mbili, pishi nyingine moja, na kibaba kimoja, aliigawa 13 vivyo hivyo: nane, nne na moja. Wahenga waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba, walikuwa wakifunza maadili kwa lugha ya vipimo.

Maneno yenyewe ya kuhesabia yamehifadhi historia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya asili ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, lakini ya zamani hayakufa yote. Kenda bado yajulikana, na fungate, siku saba za maarusi, yatukumbusha mfungate, ambayo pamoja na mtandatu husikika katika lugha za jirani kama Kizigua na Kisambaa. Laki imetoka Bara Hindi. Sifuri limetufikia kwa Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kitupu, ingawa kanuni za kuihesabu ziliandikwa na Brahmagupta wa Bara Hindi mwaka 628.

Manahodha nao walikuwa na kalenda yao. Waliuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, wakaugawa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, na mwishoni wakaongeza siku tano. Jumla ni siku 365, sawasawa na mwaka wa Wamisri wa kale na wa Waajemi. Kwa hesabu hiyo walijua lini kaskazi litaanza kuvuma na lini kusi litafunga bahari. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza, huachana na jua kwa siku moja kila miaka minne.

Elimu ya mirathi nayo ilidai ustadi mkubwa wa sehemu. Mume akifariki na kuacha mke, mwana na binti, mke hupata thumni. Salio hugawanywa mafungu matatu, mawili ya mwana na moja la binti. Ili pasiwe na vipande, mali yote hufanywa mafungu 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 kiliipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya namna hiyo.

Shule ya serikali ya Kijerumani ilipofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890, ikikusudiwa hasa kutoa makarani, haikukuta watu wasiojua hesabu. Hata hivyo haifai kutia chumvi. Pwani haikutuachia vitabu vya uthibitisho kama vya Wayunani. Hesabu nyingi zilikaa vichwani, na mzee afapo huondoka nazo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ni mali.

Basi mwalimu hana budi kuanzia hapo. Awatume wanafunzi Ngamiani, ambako hata barabara nyingi huitwa kwa namba, wakawaulize wazee juu ya pishi na frasila; awatume Pangani wakaulizie miongo. Yatakayopatikana na yaandikwe, kisha yatumiwe darasani kufundishia sehemu, uwiano na maradufu. Hisabati imekua kwa mataifa kupokezana, na mwenye kupokea hana budi kujua alichokuwa nacho tangu awali.